Ukuta Uliomsingizia Mama Bun-rye

Mama Maeng Bun-rye wa mji wa Jecheon, Korea, alikuwa mjane mwenye mdomo wake, lakini majira yale ya baridi aliishiwa maneno. Kila mwanawe Ki-tae alipokuja kumtembelea, alivua viatu mlangoni akakanyaga sakafu baridi kama chuma, ingawa nyumba ile hupashwa joto na boila inayopitisha maji ya moto chini ya sakafu.

"Mama, umesahau tena kuwasha boila?"

"Nimewasha! Jana hapa ungeunguza makalio!"

Ki-tae alitikisa kichwa kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomtisha mama. Alijua mwanawe ameshaulizia nafasi katika nyumba ya wazee. Hata yeye akaanza kujitilia shaka. Kitufe alikumbuka kukibonyeza, sasa joto linakwenda wapi? Labda kweli akili zinamtoka. Hakumwambia mtu, ila aliogopa sana.

Jumapili moja Ki-tae akaja na fundi Pyo na kidhibiti joto kipya cha kuunganishwa na simu, ili awe anamwashia mama boila akiwa kwake Seoul. Fundi akahakikisha kinapatana na boila ile, akazima umeme, akafungua cha zamani ukutani na kuhamishia nyaya zake mbili kwenye kipya. Alipowasha, kioo kikaonyesha nyuzi ishirini na sita.

"Ishirini na sita?" Ki-tae akaruka. "Na miguu yangu imekufa ganzi! Tumeuziwa kimeo."

Fundi akaweka kiganja ukutani, kisha akachungulia jikoni upande wa pili wa ukuta.

"Mama, sufuria hiyo iko motoni tangu saa ngapi?"

"Tangu alfajiri. Supu ya mifupa, ya huyu hapa. Asipoikuta ananuna kama mtoto."

"Na siku asipokuja?"

"Nimpikie nani? Mimi wali na achari ya kimchi vinanitosha."

Fundi Pyo akacheka mpaka akashika mbavu. "Basi mama hana kosa! Kila siku ya supu jiko linapasha ukuta, kidhibiti kinadhani nyumba nzima ina joto, kinazima boila. Cha zamani nacho kilidanganyika hivyo hivyo. Bahati yenu mmechagua kinachoweza kufuata joto la maji ya sakafuni badala ya hewa."

Akabonyeza mara mbili tatu, na boila ikanguruma. Walikaa wakinywa chai, na punde uvuguvugu ukaanza kupanda kwenye nyayo. Ki-tae aliona haya hata kuinua macho.

"Mama, nisamehe."

"Msamaha baadaye. Wapigie kwanza wale watu wako wa nyumba ya wazee. Sasa hivi, nikisikia."

Ki-tae akaduwaa, hakujua kwamba mama anajua. Akapiga, akawaambia mama yake haendi popote, kichwa chake kizima kuliko cha mwanawe. Mama Bun-rye alingoja mpaka simu ikakatwa, ndipo akajiinamia pale pale sakafuni akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyerudishiwa akili zake.