Tumbaku Hainunuliwi kwa Macho

Usinikunjie uso, mjukuu wangu. Aliyekuwepo Dar es Salaam ni mimi, wewe ulikuwa nyumbani.

Nilikwenda kutibiwa macho. Siku ya kurudi nikaingia duka la siga, zile sigara nene za majani matupu ya tumbaku, nikitaka moja yangu. Kijana wa kaunta hakuniamkia. Akauliza, "Bibi, umetumwa na nani?"

"Na kifua changu."

Huku Mikumi muuzaji wa tumbaku hukuachia uinuse na uifikiche, ndipo mzungumze bei. Nikachukua siga moja, nikaibonyeza karibu na sikio. Akaninyang'anya. "We bibi! Huu siyo ugoro, usitutilie vidole!"

Mara akaingia mwanamume mwenye suti, umri wa mwanangu wa mwisho. "Shikamoo bosi!" kijana akamwamkia. Akafunguliwa kasha zima. Akachukua moja, akainusa, akaibonyeza karibu na sikio kama mimi. Kijana akachekelea: "Bosi unazijua!"

Kumbe vidole huwa vichafu vikitokea kwenye khanga.

Nikamwambia mwenye suti, "Baba, hiyo inalia kama maganda ya mahindi. Imekauka, itakuunguza koo." Akaibonyeza tena, akasikiliza, akairudisha kwenye kasha. "Asante mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Hapo ndipo kijana naye akakumbuka kwamba nina mvi. "Shikamoo bibi. Karibu, chagua yoyote."

Shikamoo iliyongoja biashara iharibike haina marahaba kwangu. Nikamwacha ameinamisha kichwa akiisubiri, nikatoka, nikafunga mlango.