Mama Alima Akataa Msamaha

Kwa miaka ishirini na miwili, mwanamke wa msikiti wetu wa Ruashi akifariki, wa kwanza kuitwa ni Mama Alima. Ndiye anayeosha na kuvisha sanda. Kazi hiyo alifundishwa na mama yake, ambaye wazee wake walitoka Kasongo, kule Maniema, na Mama Alima hajawahi kuomba malipo. Riziki yake ni cherehani: anashona sare za shule. Mafuta ya gari anajinunulia mwenyewe.

Gari lenyewe ni Caldina ya kijivu aliyoachiwa na marehemu mume wake, Abibu. Nyuma kuna ndoo mbili, kafuri, sabuni na vitambaa vyeupe vilivyokunjwa. Watu wa mtaani wanalijua. Likipita polepole asubuhi, wanaulizana nani ametutoka.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, mvua zikiwa bado, alifariki Bibi Rachida, aliyewafundisha Kurani nusu ya wanawake wa mtaa wetu. Alifia hospitali, mjini. Familia ilitaka azikwe baada ya sala ya adhuhuri. Mama Alima akaenda, akasimamisha gari pale anaposimama siku zote: kando ya barabara, nje ya ukuta wa hospitali, karibu na mlango mdogo wa nyuma wanapotolea maiti.

Karatasi zilichelewa. Daktari wa kutia sahihi alikuwa kwenye upasuaji, na Mama Alima akakaa kwenye benchi na binti za marehemu saa tatu nzima. Alipotoka akakuta gurudumu la mbele limebanwa na sabo, kile chuma cha manjano chenye kufuli. Kwenye kioo kulikuwa na karatasi ya faini. Mlinzi mwenye jile, kizibao cha kazi cha kijani, alisimama pembeni, mgongoni kumeandikwa Sogestal, jina la kampuni iliyopewa kusimamia maegesho ya hospitali mwezi uliotangulia.

"Mama, ulipitisha saa," alisema mlinzi. "Utalipa amande, kiisha tutafungua."

"Nilipitisha saa ya nani?"

"Ya parking."

"Parking iko wapi? Hapa njo balabala. Parking yenu iko kule ndani ya ukuta."

"Miye banitumaka tu, Mama. Lipa kwanza, kiisha utaenda kulalamika ku biro ya kampuni."

Mama Alima alitazama jua. Bibi Rachida alikwisha kupakiwa kwenye gari la wanawe, na adhuhuri ilikuwa inakaribia. Pesa alikuwa nazo kwenye mkoba. Angeweza kulipa na kuondoka, kama walivyofanya wengi kabla yake. Alifungua gari nyuma, akatoa ndoo, akaweka ndani yake sanda na kafuri, akajitwika. Kisha akafunga milango yote kwa ufunguo.

"Munaifunga, sawa," alimwambia mlinzi. "Basi muichunge. Hata kioo kisivunjike."

Akatembea hadi kona na kumsimamisha dereva wa teksi, Ngosa, ambaye baadaye alikuwa rafiki yake. Bibi Rachida alioshwa na kuwahi sala ya adhuhuri.

Siku nne baadaye ilifika barua yenye muhuri mwekundu. Ilisema faini inaongezeka kila siku gari likiendelea kukaa pale, na kwamba asipolipa atapelekwa mahakamani. Kaka yake mdogo, Mahamudu, aliisoma mara mbili.

"Yaya, dada yangu, lipa tu. Aba bantu beko na nguvu. Utawawezea wapi?"

"Beye njo balifunga motokari, alafu banilipishe juu haitembei?" alijibu Mama Alima. "Nikilipa, nitakuwa nimesema nilikosa. Sikukosa."

Alikwenda ofisi ya kampuni. Mkuu wa ofisi hiyo, Bwana Chishimba, alikuwa mtu wa adabu, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Alimpa kiti. Mama Alima hakukaa.

"Papa Chishimba, unionyeshe karatasi yenye inasema balabala iko yenu."

"Kontra iko, Mama, mkataba wenye sahihi. Lakini ni ya ndani, ya kampuni."

"Basi miye nayo iko na jibu ya ndani," alisema, akatoka.

Kutoka hapo alikwenda komini, kwenye ofisi za serikali ya mtaa. Alirudishwa mara mbili kwa sababu mhusika hayupo. Mara ya tatu alimkuta Lydie, karani wa mambo ya viwanja, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Lydie alimsikiliza mpaka mwisho, akanyanyuka, akaleta faili na kufungua ramani ya hospitali.

"Beko na ruhusa ya kiwanja cha ndani," alisema, akipitisha kidole juu ya mstari wa ukuta. "Inaishia hapa. Inje ni balabala ya bantu bote."

"Unaweza kuniandikia ile maneno?"

Lydie alimtazama kidogo. "Andika barua ya kuomba, Mama. Nitakujibu kwa barua. Maneno ya mudomo batayakana."

Mama Alima akaomba karatasi, akaandika palepale juu ya goti. Jibu lilichukua siku kumi. Akapeleka nakala kwa Chishimba, na Chishimba akasema ataipeleka kwa wakubwa.

Wakati huo wote gari lilikuwa palepale. Kila asubuhi, kabla ya kukaa kwenye cherehani, Mama Alima alipanda basi hadi hospitali na kitambaa chenye maji. Alifuta vumbi jekundu kwenye vioo, akafagia majani chini ya magurudumu. Hakutaka mtu aseme gari limetelekezwa. Alipoitwa kuosha maiti, Ngosa alimchukua, na mara nyingine alikataa nauli.

Caldina ilikaa mahali pabaya kwa kampuni. Magari ya mazishi yalipokuja, yalibanana, yakapiga honi. Watu waliuliza gari hili ni la nani na mbona limefungwa. Mama Alima, kitambaa mkononi, aliwaeleza bila kupaza sauti: ukuta huu hapa, ruhusa yao inaishia hapa, barua ya komini hii hapa, soma. Wakasoma. Baada ya wiki tatu madereva wakaanza kumuuliza mlinzi: "Weye iko na barua gani?" Naye hakuwa nayo. Hata yeye siku moja alimwambia Mama Alima, akiangalia chini: "Nami nachoka, Mama."

Siku ya thelathini na tisa Chishimba alikuja mwenyewe, na barua kwenye bahasha na funguo za sabo mkononi. Madereva walisogea kusikiliza. Mama Alima alivaa miwani yake, akasoma taratibu. Barua ilisema kwamba kampuni, kwa kuzingatia umri wake na kazi yake ya dini, kwa huruma imemsamehe faini yote. Chini kulikuwa na mahali pa kutia sahihi.

Alikunja barua, akaitia ndani ya bahasha, akamrudishia.

"Msamaha ni wa muntu mwenye alikosa," alisema. "Miye nilikosa nini?"

"Mama, unapewa motokari yako bure, na unakataa?"

"Haiko bure. Iko yangu."

Madereva walicheka, na mmoja akapiga makofi. Uso wa Chishimba ulibadilika. Alisema taratibu kwamba aliyeandika barua ile si yeye, na kwamba atafukuzwa kazi akiandika jambo jingine. Mama Alima alimhurumia, alisema baadaye, lakini mkono wake hakuunyoosha kuchukua kalamu.

"Basi waambie bakubwa bako baje basome ukuta," alimwambia.

Chishimba aliondoka na funguo zake. Mahamudu aliposikia alishika kichwa kwa mikono miwili. Usiku huo Mama Alima hakulala vizuri. Alijiuliza kama kiburi kimemuingia.

Siku mbili zikapita, na barua nyingine ikaja. Ilikuwa na mistari mitatu tu: kampuni ilikosea kufunga gari lililokuwa kwenye barabara ya umma, na mwenye gari hadaiwi chochote. Muhuri ulikuwapo. Safari hii Mama Alima alitia sahihi kwamba ameipokea, akadai nakala mbili.

Sabo ilipofunguliwa, tairi lilikuwa limelala kabisa na betri imekufa. Ngosa na madereva wengine wakalisukuma gari hadi kwa fundi. Tairi Mama Alima alinunua mwenyewe. Ameandika barua kulidai, hajajibiwa. Bango la kampuni, lililokuwa limesimikwa kando ya barabara, limehamishwa, sasa limesimama ndani ya lango.

Madereva saba waliolipishwa faini barabarani walikwenda ofisini na nakala ya barua ile. Watano wakarudishiwa pesa zao. Wawili walikuwa wamepoteza risiti, na mmoja wao ni Ngosa. Kila Jumatatu, kabla ya kuanza kazi, Ngosa anapita kwa Chishimba. Hagombani. Anakaa kwenye kiti, anauliza, anaambiwa hapana, anasema, "Sawa, nitarudi." Jumatatu iliyopita Mama Alima alikwenda naye, na safari hii, alipopewa kiti, akakaa.