Vidonge Thelathini vya Hilaria

Telesphor alikuwa mtoa dawa, na kama kuna kazi ya kumfanya mtu agombezwe kwa makosa ya wengine, basi ni hiyo. Daktari akiandika vibaya, anagombezwa Telesphor. Dawa isiposhuka kwenye garimoshi, anagombezwa Telesphor. Miaka saba alisimama nyuma ya dirisha la zahanati moja pale Mpanda mjini, koti jeupe limeshakuwa rangi ya chai, akiwafungia watu vidonge katika vipande vya gazeti.

Lakini alikuwa na jambo lake moja la kujivunia. Hakumpa mtu dawa akamwacha aende hivi hivi. Alimchorea kwenye karatasi jua la asubuhi, jua la utosini au mwezi, kisha akakunja mikono na kusema, "Haya, nisomee." Mgonjwa asiporudia maelezo yote, haondoki na dawa. Foleni inanung'unika mpaka nje, yeye hana habari. Wenzake walimtania kwamba anaendesha kisomo cha watu wazima dirishani.

Mwanafunzi wake bora alikuwa Verdiana, mkulima wa mahindi kutoka Kasokola. Binti yake, Hilaria, alikuwa na kifafa. Mwaka wa sabini na nne, akiwa na miaka minane, aliangukia moto jikoni, mkono wake wa kulia ukaungua mpaka kwenye kiwiko. Tangu aanze vidonge ilikuwa imepita miezi minane bila kuanguka hata mara moja, na alikuwa amerudi shule. Telesphor aliitaja hiyo miezi minane kila alipopata nafasi, utadhani mtoto ni wake.

"Kimoja kila jioni, mwezi utoke usitoke," Verdiana alikuwa akisoma. "Baada ya kula. Nisiruke hata siku moja, maana nikiacha ghafla ugonjwa unarudi kwa hasira."

"Kwa hasira kabisa," Telesphor alikuwa akiitikia, huku akimpa vidonge thelathini.

Basi masika yaliyofuata, Verdiana akatokea dirishani siku ya kumi na tano tu tangu apewe dawa.

"Mama Hilaria, mbona mapema?"

"Vimekwisha, Daktari."

"Thelathini? Unampa viwili viwili?"

"Hapana. Kimoja, kama ulivyonifundisha." Alitazama nyuma, akashusha sauti. "Kingine nampa Ponsian wa Marsela."

Marsela alikuwa jirani mpya. Serikali ilipowahamishia watu katika kijiji kimoja, nyumba zikapangwa kwa mstari, mlango wa Marsela ukawa hatua kumi tu kutoka kwa Verdiana. Mwanawe Ponsian naye alikuwa na kifafa, ila baba yake alimficha ndani kwa aibu. Watu waliamini mate ya mwenye kifafa yanaambukiza, hivyo akianguka wote wanakimbia. Siku moja Ponsian alipoanguka, Verdiana hakukimbia. Alimwinua mtoto, akampangusa mdomo, na jioni ile akampelekea kidonge, kama ambavyo angempelekea Marsela chumvi au kaa la moto.

Telesphor alipandwa na hasira. "Dawa si chumvi! Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza," alisema Verdiana, bila ukali wowote. "Unauliza habari za dawa, nakujibu habari za dawa. Hujawahi kuniuliza nyumbani tunaishije."

Miaka saba ya kuchora majua na miezi, na Telesphor hakuwahi hata mara moja kuuliza mgonjwa anaishi na nani. Ilimuuma, na ilimuuma zaidi kwa kuwa ilikuwa kweli.

Alitaka kumwambia Ponsian aletwe aandikiwe vyake. Aandikiwe nini? Alilishusha kopo la dawa ya kifafa kutoka kabatini na kulimimina mezani: vidonge kumi na viwili. Barua tatu alishaandika bohari ya dawa. Sanduku lililokuja na garimoshi wiki iliyopita lilikuwa na dawa ya macho na bandeji. Vya kifafa vingekuja lini, Mungu ndiye ajuaye, na Mungu haajiriwi bohari. Mbaruku mwenye duka sokoni alikuwa na aspirini tu.

"Vichukue vyote, umpe Hilaria," alisema.

"Na Ponsian nimwachishe ghafla?" Verdiana alimkazia macho. "Si wewe uliyesema?"

Kweli, ni yeye. Telesphor alichukua wembe, akaanza kukata vidonge, vingine nusu, vingine robo. Alipomaliza alimwelekeza polepole, akavifunga katika gazeti, vifurushi viwili. Kisha kwa mazoea tu mdomo wake ukasema, "Haya, nisomee."

"Nusu kwa kila mtoto, jioni, siku sita," Verdiana alisoma. "Baada ya hapo robo, siku kumi na mbili. Wasikae karibu na moto, ingawa masika haya nyumba inavuja na sote tunalala jikoni."

Akamngoja amalizie, kama mwanafunzi mzuri anayejua somo halijaisha.

"Halafu, Daktari?"

Nyuma yake foleni ilinung'unika. Telesphor alivisukuma vifurushi viwili dirishani na kumwita anayefuata.