Ngamia Wangu wa Kitovu Alikwenda kwa Jozi Mbili

Admin, nifiche kabisa, maana wakwe watarajiwa wamo humu. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, mwenyeji wa Garissa. Kisa hiki nimekimeza tangu miaka ya tisini na sasa kimenikaba koo.

Kwetu mtoto akizaliwa hupewa ngamia jike. Huyo ndiye ngamia wake wa kitovu, na uzao wote ni mali yake. Wangu alikuwa mweupe mwenye sikio moja jeusi, na nilimpenda kuliko baadhi ya ndugu zangu, Mungu anisamehe.

Mwaka wa kisa hiki tulikuwa karibu na Liboi tukichunga, mimi na rafiki yangu wa tangu chuo cha Kurani, nimwite Farah. Akanifundisha poka, mchezo wa karata, tukachezea kokwa za tende. "Walaal, ndugu yangu, hii mchezo ni rahisi," aliniambia. "Jozi moja ni kidogo. Karata tatu ya namba moja inashinda hiyo. Jozi mbili inashinda hiyo tatu. Umeshika?" Nilishika kama aya. Wiki mbili nilimshinda, naye akanisifu. Mjinga mimi!

Kisha akaleta dereva wa lori la mifugo, tukacheza watatu. Nikapata jozi mbili, za ree na wafalme. Dereva akaweka mbuzi kumi. Farah akaninong'oneza, "Weka ile nyeupe. Wallahi hakuna wa kukushinda." Nikaweka. Dereva akafunua saba tatu. Nikacheka, nikijua nimeshinda. Wenzangu hawakucheka.

Nikamgeukia Farah anitetee. Akatazama mkeka. "Tatu inashinda jozi mbili, walaal. Si nilikufundisha?"

Baba nilimdanganya kwamba ngamia ameliwa na simba. Amekufa akiamini hivyo. Mwaka uliofuata nilimwona ngamia wangu kwenye zizi la kina Farah, ananyonyesha. Nilinyamaza, kwa sababu kusema ni kukiri kamari.

Leo Farah ni Haji, watu husimama akiingia. Wiki iliyopita alimposea mwanawe binti yangu, na vijana wanapendana kweli. Mahari ni ngamia kumi. Nilipokwenda kuwaona, watatu wana sikio moja jeusi. Farah akanishika bega, akatabasamu. "Walaal, hawa unawajua. Wanarudi nyumbani."

Nikikataa, mke wangu na binti yangu watataka sababu, na itabidi nikiri kamari na hata ule uongo niliomwambia baba. Nikikubali, nitakuwa nimemwoza mwanangu kwa ngamia wangu mwenyewe. Wazee wa posa wanarudi Ijumaa kuchukua jibu. Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini?