Mashine Haikuuliza Nne Gani

Jumatano nilikwenda duka la mbao Changamwe, nikakuta mambo ya kunichangamsha hadi nikasahau misumari niliyoifuata.

Mama mmoja wa Kisauni alikuwa amemkalia karani kooni. Ijumaa anamwoza binti wa kaka yake, na mbao za kitanda cha harusi zimekuja fupi.

"Bwana harusi ni mnazi, mwanangu! Akilala hapa, miguu itasalimia wageni sebuleni."

"Shangazi, mashine haikosei," akasema karani, akiipapasa mashine yake mpya ya kujumlisha. "Wewe ulitaja mbao mbili za urefu, nne na nne. Fundi wako akataja mbili za upana, tatu na tatu. Jumla kumi na nne. Nimekata futi kumi na nne."

"Fundi alipima kwa futi. Mimi nilipima kwa dhiraa, hii hapa!" Akaubwaga mkono mezani, kiwiko hadi ncha ya kidole.

Karani akaweka rula: futi moja na nusu. Wallahi, foleni nzima tulikunja mikono ya nguo, kila mtu ajipime, kelele hadi barabarani!

"Basi nne yangu ni futi sita," mama akasema. "Mashine yako iliniuliza nne gani?"

Karani akaita mbao mpya na msumeno. Kitanda kitawahi.

Mimi shule niliishia mlangoni, lakini nasikia Ulaya wanatengeneza mashine za kufikiri. Ile itakayogoma kujumlisha dhiraa na futi nitaipikia biriani. Kwa sasa kazi hiyo inafanywa na mashangazi.