Mpangaji Wetu Alikuwa Krismasi

Notisi ya benki ilikaa juu ya friji siku nne, chini ya Biblia, kana kwamba mume wangu alitaka Mungu aisome kwanza. Ilisema tuna siku sitini. Tusipolipa, nyumba yetu ya Moshi mjini, tuliyoiweka dhamana, itapigwa mnada. Tulikuwa tumekosa marejesho ya miezi mitatu. Mume wangu ni mwongoza wageni mlimani, na masika ya mwaka ule yalikuwa yamewafukuza wageni wote. Simu ya benki ikiita, aliigeuza kifudifudi akaendelea kunywa chai.

Siku ya tano niliichukua ile barua nikaenda mwenyewe. Nilikuwa na hasira, na mimi hasira hunipa miguu.

Afisa mikopo alikuwa binti mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho. Aliniamkia, akafungua faili letu, akatikisa kichwa.

"Mama, mngekuja mwezi ule wa kwanza tu. Sisi hatuna haja na nyumba yenu, tunataka marejesho. Mna kitu kingine cha kuingiza hela?"

"Hakuna."

"Na huko juu kijijini Kilema? Hamna nyumba?"

Nilisita. "Ipo."

"Mimi ni wa Kirua, jirani zenu, mama. Nawajua watu wetu. Ina vyumba vingapi?"

"Vinne. Na vigae."

"Nani analala humo?"

"Krismasi," nikasema.

Tulicheka wote wawili, kisha nikaanza kulia. Sehemu ya mkopo wa kumalizia nyumba ya mjini ilikuwa imepanda mlimani ikawa vigae. Shemeji zangu huja Disemba kutoka Dar na magari yao, na mume wangu hakuvumilia wamkute mama yao kwenye nyumba ya zamani. Mapazia nilichagua mimi, sitajificha. Tukawa na nyumba ya kulala wiki moja kwa mwaka, na kwa ajili yake tulikaribia kupoteza ile tunayolala kila siku. Mama mkwe mwenyewe aliendelea kulala kwenye ile ya zamani. Alisema vigae vina baridi.

"Manesi na walimu wa huko wanahangaika kupata nyumba," binti alisema. "Nileteeni mkataba wa kupangisha, nami nitawaombea mkopo upangwe upya."

Nesi tulimpata wiki hiyo hiyo. Kazi ilikuwa mama mkwe. Kihamba ni shamba la ukoo, hakipangishwi, na baba mkwe amezikwa hatua chache tu kutoka barazani. Jumapili tulipanda. Mume wangu, anayewafikisha Wazungu kileleni, alishindwa kufungua mdomo mbele ya mama yake. Nikasema mimi.

Mama mkwe alikuwa anamenya ndizi za mtori, na hakuacha kumenya. Ufunguo wa nyumba ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga yake, ulipokaa tangu fundi alipoondoka.

"Mgeni alale hapa, na baba yenu amelala pale?"

"Ni nesi, mama. Bila hivyo, ya mjini inauzwa."

Niliogopa kuliko nilivyoogopa benki.

"Ana watoto?"

"Wawili."

Akaweka kisu chini, akalifungua fundo la kanga kwa meno.

Benki ilikubali: rejesho dogo zaidi, kwa miaka mingi zaidi. Nyumba ya mjini ni yetu bado. Krismasi iliyofuata tulibanana kwenye nyumba ya zamani, magodoro chini, shemeji wa Dar akilalamikia mgongo. Asubuhi nesi alitualika chai, sebuleni kwetu. "Karibuni, jisikieni nyumbani," alisema, na mume wangu akavua viatu mlangoni kwa adabu ambayo kwangu sijawahi kuiona.

Mama mkwe alikuwa ameshakaa kwenye kochi, mtoto mdogo wa nesi amelala mapajani mwake. Miguu yake ilikuwa peku juu ya vigae. Akaniuliza kwa sauti ya chini mkopo unaisha lini.

Nilidhani amechoka na wageni. "Miaka sita, mama. Lakini tukijibana, hata minne."

Alimfunika mtoto vizuri kwa kanga.

"Msijibane," akasema.