Triko ya Riziki

Sufu ikiingia kwenye maji ya moto inatoa harufu ambayo mimi siivumilii. Wengine wanaipenda, wanasema ndiyo harufu ya baridi ya Lilongwe, mwezi wa sita, ukungu unaposhuka hapa Kauma na kila mtu anachomoa nguo nzito chini ya kitanda. Mimi ikinifika puani nageuza uso. Juzi nilikuwa nafua triko ya binti yangu, sweta kama mnavyosema wengine. Mama yangu alikuwa amekaa mlangoni, krosheti mkononi, anafuma vitambaa vyake. Akaitupia jicho ile triko, akasema, "Iko namubana. Leta tufumue."

"Hapana!" nikamjibu, kwa sauti ambayo binti hamtolei mama yake. Jirani aliyekuwa anachekecha unga aligeuka kututazama. Mama hakuuliza nimepatwa na nini. Aliinamia kazi yake tu, na mimi nikajua kwamba amejua. Basi sogeeni niwaeleze triko nyingine, maana hii ya binti yangu haina kosa lolote.

Nilikulia Dzaleka, kambi ya wakimbizi. Nyuma ya kanisa letu kulikuwa na ukuta wa matofali ya udongo, na mchana vyombo vikishaoshwa, kivuli kiliangukia upande ule, nao wanawake walikuja na mikeka na madumu ya kukalia. Walikuja kufuma. Msidhani ni biashara. Hakuna aliyenunua vile vitambaa, kila nyumba ilikuwa navyo hadi juu ya ndoo ya maji. Walifuma kwa sababu walipenda, na kwa sababu mchana wa kambini ni mrefu, jamani, nyie hamuujui.

Na maneno yao! Mimi nikisikia hadi leo watu wanaongea kazi za mikono nafikiri niko pale.

"Ile nape yako ya meza imefika wapi?"

"Imefika kwa maua, mashere, lakini kona inanishinda."

"Onyesha. Aa, we, hapa umeruka tundu! Ni njia ya panya hii."

"Mi nimechoka na maua. Nataka kufuma samaki."

"Samaki! Uweke samaki kwa kiti, bageni bakalie miiba?"

Wakacheka mpaka madumu yakalia. Uzi waliupata kwa kaunjika, yale mafungu ya mitumba: walichagua triko kuukuu, wakakata mshono wa pembeni, wakatafuta ncha, wakavuta. Triko nzima inafumuka, uzi unatoka umejikunja kama tambi. Ili usijifunge mafundo lazima uzungushwe kwenye mikono ya mtu, na mtu huyo nilikuwa mimi. "Esta, leta mikono!" Nilikaa nimeinyoosha mbele yangu kama mtu anayepokea mtoto, vumbi la sufu linanitekenya pua, nikishika pua naambiwa nimeharibu. Baadaye uzi ulioshwa, ukatundikwa na jiwe chini yake ili unyooke, na hapo ndipo ile harufu ilipotokea.

Mkubwa wao alikuwa Mama Furaha, mwanamke wa Uvira, Kongo, mnene, mwenye krosheti ya chuma aliyoichomeka kwenye nywele. Alikuwa na sheria zake mbili. Ya kwanza: asiye na uzi hakai. Ya pili: hapa tunaongea uzi, mambo ya kule hayaongelewi. Kule ni kule tulikotoka tukikimbia vita, na kila mtu alijua maana yake. Aliyeteleza ulimi alinyoosha kazi yake mwenyewe, Mama Furaha akaipokea, akavuta, mstari mzima ukaenda. Siku moja mama yangu alisema, "Desini hii, dada yangu alikuwa anaifuma kwetu Fizi, mbele ya..." Akajishika, lakini alikuwa amechelewa. Mama Furaha alinyoosha kiganja. Nilimwona mama yangu akikabidhi kitambaa chake kama mtoto wa shule anayekabidhi mkono apigwe, na kazi yake ya mchana ule ikageuka uzi mapajani.

"Ya kule tuliiacha kule," Mama Furaha akasema. "Endelea. Nani alikuwa anasema juu ya kuleri ya uzi?"

Nilimchukia, sitawaficha. Nilimwona mwanamke mwenye roho ya jiwe, na nilimshangaa mama yangu kwa kumrudia kila siku.

Halafu akaja Mama Riziki. Alikuwa mgeni kambini, mwembamba, amefunga kitenge kimoja siku zote. Alisimama kwenye kona ya ukuta anatazama vidole vya wenzake. Alisalimia, wakaitikia. Walimuuliza jina, akasema, "Mi ni Mama Riziki," na mimi, mwenzenu, moyo uliruka. Riziki! Nilikuwa sina rafiki wa kuruka naye kamba, wale wa mtaa wetu walikuwa wameshapangana wawili wawili. Nilimtazama yule mama nyuma na mbele, nikitafuta Riziki amejificha wapi. Nikafungua mdomo niulize, na mama yangu akanifinya paja, finyo la kuzungusha, machozi yakanitoka. Nilidhani ni adabu tu, kwamba mtoto haulizi wageni. Basi nikaamua kumngoja. Nilitafuta kamba ndefu zaidi.

Mama Riziki aliendelea kusimama pale kila mchana, na hakuna aliyemwambia kaa. "Kusimama kunachokesha miguu," Mama Furaha akamwambia, macho kwenye kazi. "Ukipata uzi, utakaa." Wengine wakaguna kwa kicheko. Uzi angeupata wapi? Alikuwa hana hata sufuria, alipikia ya kuazima.

Siku aliyokuja na uzi naikumbuka kuanzia jua lilivyokuwa. Aliingiza mkono kifuani, ndani ya blauzi, akatoa triko ndogo ya mtoto. Rangi ya papai lililoiva. Ilikuwa imefumwa kwa mkono, ina vifungo, na kifuani kulikuwa na doa la uji. Akampa Mama Furaha kwa mikono miwili.

Mama Furaha aliiinua juu, kila mtu akaiona. "Hii?" akasema. "Hii inatosha kufuma nini, soksi ya kuku?"

Mkeka mzima ukacheka. Mwanamke mmoja wa Burundi akaichukua, akainusa, akakunja uso. "Iko nanuka mutoto bado!" Wakacheka tena. Mwingine akasema ni kofia ya chupa ya mafuta. Mwingine akasema hapana, ni shuka ya panya, yule wa njia ya juzi. Na Mama Riziki akacheka pia. Alicheka kuliko wote, mdomo wazi, na mikono yake ilikuwa bado imenyooshwa mbele, mitupu.

"Esta, leta mikono."

Nikaleta. Mama Furaha alichomoa krosheti nywelani, akakata mshono, akatafuta ncha kwenye shingo ya ile triko, akavuta. Uzi ulikuwa na joto la kifua cha yule mama. Ulikuwa mkuukuu, ulikatika, ukafungwa, ukakatika tena, na kila ulipokatika watu walisema "aaa!" kama kwenye mpira. Kwanza ikaondoka shingo, kisha mabega, kisha mkono mmoja. Doa la uji likapita vidoleni mwangu, lilikuwa gumu kidogo. Na wote walikuwa wanaongea kama kawaida, nani amemaliza vitambaa vya viti vya foteyi, nani anataka desini ya zabibu, nani ameficha uzi mweupe. Mimi nilikuwa na furaha, nisikilizeni vizuri. Nilikuwa nawaza: kumbe Riziki amekua, triko imembana, basi ni mkubwa kama mimi, ataweza kuruka kamba.

Uzi haukutosha kitu. Mama Furaha aliupima kwa jicho, akatamka kwamba utatumika kwa kingo, na akaugawa, kila mtu kipande. Mama yangu akapata chake, akakizungushia pembeni mwa kitambaa cheupe alichokuwa anamalizia. Kisha Mama Furaha akasogeza dumu kwa mguu. "Kaa sasa," akamwambia Mama Riziki, akampa krosheti ya mti na uzi wa wenzake ajifunzie. Yule mama akakaa. Mshono wake wa kwanza ulikuwa mbaya, nao wakaucheka hadi jua likaondoka ukutani.

Nilimngoja Riziki muda mrefu. Kamba ikaoza. Kisha baba akapata vibarua huku mjini, tukahama, nikawa mtu wa Kauma, mtu wa kushukuru kwa "zikomo" na kula nsima, na yale yote nikayaweka mahali. Kile kitambaa chenye ukingo wa papai kimekaa juu ya televisheni yangu miaka yote. Akili ilinijia nikiwa mkubwa, nikiwa na mimba yangu ya kwanza nakipangusa vumbi, ghafla nikakaa chini. Nilikuwa mjinga kiasi gani, Mungu wangu. Nikajiambia wale wanawake hawakujua. Wangejua wasingecheka. Nilihitaji kuamini hivyo, kwa sababu mmoja wao ni mama yangu.

Turudi kwenye beseni la juzi. Niliikamua ile triko ya binti yangu, nikaianika, nikaja kukaa na mama mlangoni. Nikamuuliza bila kuzunguka, "Ile ya Riziki. Mulikuwa munajua?"

"Tulijua," akasema.

"Wote?"

"Mutu anakuja na triko ya mutoto, mutoto haiko. Nani hatajua, Esta?"

Hasira ilinipanda. Nikamwambia mlikuwa wabaya. Nikamwambia mlimfanya acheke, mliinusa nguo ya mtoto wake mbele yake, hakuna hata mmoja aliyemshika mkono. Mama aliniacha nimalize. Alivuta uzi kidogo kutoka kwenye donge, akaendelea.

"Tungemushika mukono, angelia. Akilia yeye, na mi nalia. Na mi nikilia, we ungekula nini ile siku? Nani angekupikia?" Akageuza kitambaa upande wa pili. "Unamukumbuka Mama Furaha?"

"Nitamsahau vipi yule!"

"Na Furaha, ulimuonaka?"

Nilimtafuta Furaha kichwani. Nilimtafuta kanisani, kwenye foleni ya bomba, kwenye mchezo wa kamba. Niliwajua watoto wa wanawake wote wa ule mkeka, niligombana nao, nilikula kwao. Furaha sikuwahi kumwona hata kisogo.

"Na uzi wa kwanza wa Mama Furaha ulitoka kwenye nguo gani?" nikauliza.

"Hatukuuliza," mama akasema. "Ile njo ilikuwa sheria."

Sikuridhika. Mimi sikuumbwa na subira ya mama yangu. Jumamosi nilikitoa kile kitambaa juu ya televisheni, nikakitia kwenye mkoba, nikapanda gari hadi Dowa, pale barabarani nikachukua kabaza, baiskeli ikanirusharusha hadi kambini. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilitaka nimpe Mama Riziki kilicho chake, nimwombe msamaha kwa niaba ya wote, nimshike ule mkono.

Ukuta upo. Mikeka ipo, madumu yapo. Mama Furaha alikuwa ameshafariki, na kwenye dumu lake alikaa mwanamke mnene mwenye mvi, krosheti ya chuma nywelani. Ilinichukua muda kumtambua kuwa ni Mama Riziki. Nilipiga magoti nikamsalimia, nikajitaja kuwa ni Esta, yule mtoto wa mikono. Akatabasamu. Nikatoa kitambaa, nikamwekea mapajani, ule ukingo wa papai juu kabisa.

Akakigeuza. Akapitisha kidole kwenye ule ukingo, taratibu, kona hadi kona, akazunguka chote. Nilishusha pumzi nikingoja.

"Ni mama yako alifuma?"

"Ndiyo, mama."

"Mukono yake nguvu sana. Ukingo umevutwa, kona inakunjika." Akakikunja, ile rangi ikaingia ndani, akanirudishia. "Musalimie. Umwambie alegeze."

Nyuma yangu, kwenye kona ya ukuta, kulikuwa na binti amesimama. Labda wa miaka ishirini, kitenge kimoja, macho kwenye vidole vya wenzake. Mama Riziki akamtazama juu ya bega langu. "We. Leo umeleta uzi?"

Yule binti akaingiza mkono kifuani, akatoa kofia ndogo ya sufu, nyeupe, ya kufunga kidevuni. Akaitoa kwa mikono miwili.

"Kichwa ya nani hii," mtu akasema, "ya ndege kanga?"

Wakacheka. Binti akacheka kuliko wote. Nilimtazama Mama Riziki usoni, nikitafuta kitu, chochote, nami nawaapia sikukiona. Alichomoa krosheti nywelani, akaigeuza ile kofia akitafuta ncha, akaipata. Kisha akatazama huku na huku. Watoto wote walikuwa wametumwa maji.

"Esta," akasema, "leta mikono."

Nilikuwa nimempigia kelele mama yangu mzazi. Nilikuwa nimetoka Lilongwe kuja kuombea msamaha jambo hilihili. Nikamtazama yule binti, jinsi alivyokuwa analitazama dumu moja tupu kwenye mkeka, na nikaona kwamba nikisema hapana atabaki amesimama pale na kofia yake mkononi, kesho na keshokutwa.

Nikaleta mikono. Uzi ulikuwa na joto. Mtu akamuuliza mwenzake nape yake imefika wapi.